Mkutubi Afundishe Nini?

Mnamo mwezi Februari mwaka 1998 jarida la utabibu liitwalo The Lancet, ambalo limekuwa likichapishwa nchini Uingereza tangu mwaka 1823, lilitoa makala ya kurasa chache juu ya watoto 12 waliokuwa na maradhi ya tumbo pamoja na matatizo ya ukuaji. Makala hiyo ilidokeza kwamba yamkini kuna uhusiano kati ya hali hiyo, ikiwamo ile iitwayo usonji, na chanjo moja inayokinga surua, matumbwitumbwi na rubela. Habari zilienea upesi. Wazazi wengi walisita kuwapeleka watoto wao kuchanjwa, na surua, ambayo ilikuwa imekwisha kudhibitiwa kwa kiasi kikubwa, ikarudi. Mwaka 2004 waandishi 10 miongoni mwa walioitia majina yao makala hiyo walijitenga hadharani na tafsiri ile. Na mwezi Februari mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta kabisa. Tafiti kubwa zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji.

Sasa na achukuliwe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani ambaye, mwaka 2005, ametakiwa kuandika insha juu ya chanjo. Ameingia maktabani, na mkutubi mwema amempa karatasi yenye maswali ya kupimia habari. Je, mwandishi ni nani, na ana ujuzi gani katika jambo alisemalo? Je, makala imechapishwa wapi? Je, inaonyesha vyanzo vyake? Je, lugha yake ni ya utulivu au ya ushabiki? Mwanafunzi anaishika makala ya The Lancet na kujibu swali moja baada ya jingine. Waandishi ni madaktari. Jarida ni miongoni mwa majarida mashuhuri kabisa duniani. Vyanzo vimeorodheshwa. Lugha ni ya kitaalamu. Makala imefaulu mtihani wote, naye mwanafunzi ataitumia kwa dhamiri safi. Jambo alilohitaji kulijua, yaani kwamba waandishi 10 walikwisha kuikana tafsiri yao mwaka uliotangulia, halikuwamo ndani ya makala, wala halikuweza kuwamo, maana makala haiwezi kusimulia yaliyoipata baada ya kuchapwa.

Mwanafunzi huyo ni wa kubuniwa, lakini kosa lake si la kubuniwa. Wakutubi wa vyuo vya Marekani wamevibadili viwango vyao vya kufundisha ujuzi wa habari zaidi ya mara moja katika karne hii, na mabadiliko hayo yamezua ubishi mwingi. Ubishi wenyewe, hata hivyo, umehusu zaidi maneno ya viwango kuliko matendo ya msomaji aketipo peke yake mbele ya maandishi asiyoyajua.

Ujuzi wa habari, kwa ufupi, ni uwezo wa mtu kutambua kwamba anahitaji habari, kujua pa kuitafuta, kuipima baada ya kuipata, na kuitumia ipasavyo. Jina hilo katika Kiingereza lilitumiwa mwaka 1974 na Paul Zurkowski, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyabiashara wa habari nchini Marekani. Mwaka 1989 kamati ya Chama cha Maktaba cha Marekani ililitolea maelezo yanayofanana na hayo yaliyotajwa hapa. Kisha mwezi Januari mwaka 2000, Chama cha Maktaba za Vyuo na za Utafiti, ambacho ni tawi la kile chama kikubwa, kiliidhinisha viwango rasmi kwa ajili ya elimu ya juu. Vilikuwa viwango vikuu 5, vilivyogawanywa katika vigezo 22, na vigezo hivyo vikavunjwavunjwa katika matokeo 87 ambayo mkutubi angeweza kuyaona na kuyapima kwa mwanafunzi.

Ni rahisi leo kuicheka hesabu hiyo ya 87. Lakini yafaa ikumbukwe ilikuwa imelenga nini. Kabla yake mkutubi wa chuo alihesabiwa na wengi kuwa mtunza vitabu, mtu wa kuonyesha rafu na kudai vitabu vilivyochelewa. Viwango vya mwaka 2000 vilimpa karatasi ya kuweka juu ya meza ya mkuu wa kitivo na kusema: haya ndiyo tunayofundisha, na hivi ndivyo inavyojulikana kama mwanafunzi ameyaelewa. Baadhi ya vyombo vinavyotoa ithibati kwa vyuo viliingiza ujuzi wa habari katika masharti yao. Kwa mtu asiye na darasa lake mwenyewe, hilo halikuwa jambo dogo.

Udhaifu wa viwango hivyo ulitokana kwa sehemu na wakati vilipozaliwa. Google ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Wikipedia ilianza mwaka 2001. Facebook ilianza mwaka 2004. Habari nyingi alizokutana nazo mwanafunzi zilikuwa zimekwisha kuchujwa na mhariri, na mchapishaji, na mkutubi aliyechagua kitabu cha kununua. Kupima habari, katika hali hiyo, kulikuwa zaidi ni kuchagua kati ya vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa kimepita mlango fulani. Haki ni kusema kwamba viwango vyenyewe viliagiza pia kulinganisha chanzo kimoja na kingine na kuwauliza wenye ujuzi. Lakini mkutubi wa Marekani kwa kawaida alipewa, na mara nyingi bado hupewa, kipindi kimoja tu na darasa la mwalimu mwingine, pengine dakika 50 katika muhula mzima. Katika dakika 50 matokeo 87 hayafundishiki. Kinachofundishika ni orodha ya kuhakiki.

Ndiyo maana orodha zilienea. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilitungwa mwaka 2004 katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichopo Chico, nayo ilimtaka mwanafunzi aangalie mambo 5: upya wa habari, kuhusika kwake na mada, mamlaka ya mwandishi, usahihi, na kusudi la maandishi. Ilikumbukika upesi na ikabandikwa katika kuta za maktaba nyingi. Haikuwa na nia mbaya hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba, mikononi mwa mtu mwenye haraka, maswali yote matano hujibiwa kwa kuyatazama maandishi yenyewe. Tarehe imo katika ukurasa. Jina na cheo vimo katika ukurasa. Kusudi, kwa maelezo ya mwenyewe, limo katika ukurasa. Ni sawa na hakimu kumwuliza mshitakiwa kama ni mwaminifu, kisha kuandika jibu lake katika safu ya ushahidi.

Vyuo vilipoona kwamba dunia ya habari imebadilika, kamati iliundwa, na mwezi Februari mwaka 2015 hati mpya ilipokewa na uongozi wa kile chama cha maktaba za vyuo, ikakubaliwa rasmi mwezi Januari mwaka 2016. Hati hiyo haikuitwa viwango. Iliitwa kiunzi, kwa maana ya mbao zinazosimamisha jengo, na badala ya matokeo 87 ilikuwa na nguzo 6 za fikra: kwamba mamlaka ya msemaji hujengwa na watu na hutegemea mazingira, kwamba kila habari ina namna ilivyotengenezwa, kwamba habari ina thamani, kwamba utafiti ni kuuliza bila kukoma, kwamba taaluma ni mazungumzo, na kwamba kutafuta ni kupeleleza kwa mbinu. Msingi wake ulichukuliwa kwa wasomi Jan Meyer na Ray Land, ambao tangu mwaka 2003 walikuwa wameeleza kwamba kila somo lina dhana zilizo kama kizingiti cha mlango: mwanafunzi akishavuka, haoni tena jambo kama alivyoliona mwanzo.

Ubishi ulikuwa mkali. Mapema mwaka 2015 kundi la wakutubi wa jimbo la New Jersey liliandika barua ya wazi kupinga viwango vya zamani visifutwe. Walisema, kwa muhtasari, kwamba vyuo vyao vilikwisha kujenga mitaala na makubaliano juu ya viwango vile. Kwamba hati mpya ilikuwa na istilahi nzito zisizoeleweka nje ya taaluma. Na kwamba mkutubi hangejua apime nini. Wenzao upande wa pili walijibu kwamba ujuzi wa habari si jedwali la kujazwa alama. Mwezi Juni mwaka 2016, viwango vya mwaka 2000 vilifutwa.

Katika ugomvi huo kila upande uliona nusu ya ukweli. Kiunzi kilikuwa sahihi kabisa kuhusu asili ya elimu. Mtu aliyeelewa kwamba taaluma ni mazungumzo hataikamata makala ya mwaka 1998 kana kwamba ni neno la mwisho. Atauliza waliofuata walisema nini. Lakini wapinzani nao walikuwa sahihi kwamba kuelewa kwa namna hiyo hakumwambii mwanafunzi afanye nini kwanza. Kijana wa miaka 18 anaweza kukariri kwamba mamlaka hujengwa na watu, akapata alama nzuri katika jaribio, kisha usiku ule ule akadanganywa na nembo iliyochorwa vizuri. Kuvifuta viwango vya zamani bila kuweka mahali pake matendo machache, dhahiri na yanayofundishika, kulikuwa ni haraka isiyo ya lazima. Pengo likabaki wazi. Na waliolijaza, jambo ambalo wakutubi hawana budi kulitafakari, hawakuwa kamati ya maktaba.

Walikuwa watafiti wawili wa elimu ya historia katika Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya jaribio lililo sahili kwa namna ya kushangaza. Waliwakusanya watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza wa Stanford, na wahakiki 10 wa habari, yaani watu ambao kazi yao katika vyombo vya habari ni kuthibitisha kila dai kabla halijatangazwa. Kila mmoja aliketishwa mbele ya kompyuta, akapewa tovuti za kupima, akaombwa aseme kwa sauti anachokiwaza. Watafiti wakatazama.

Katika zoezi moja walionyeshwa makala mbili juu ya uonevu miongoni mwa wanafunzi shuleni. Ya kwanza ilitoka katika chama kikuu cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1930 na chenye wanachama zaidi ya 60,000. Ya pili ilitoka katika kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kwa sababu ya msimamo kuhusu malezi ya watoto, na ambacho jina lake lafanana sana na lile la chama kikuu. Tovuti zote mbili zilikuwa nadhifu. Zaidi ya nusu ya wanafunzi waliamua kwamba ile ya kikundi kidogo ndiyo ya kuaminika zaidi. Baadhi ya wanahistoria nao, watu waliozeeka katika kuchambua nyaraka, walibaki wamekwama.

Wahakiki wa habari hawakukwama. Siri yao haikuwa elimu kubwa zaidi, wala hawakusoma kwa makini zaidi. Walisoma kidogo kuliko wote. Mara walipofika katika tovuti wasiyoijua waliiacha, wakafungua kurasa nyingine kando yake, wakauliza watu wengine wanasemaje juu ya kikundi kile, nani anakilipia, kilitoka wapi. Na baada ya kupata dira ndipo waliporudi kusoma, kama waliona yafaa kurudi. Watafiti waliita tabia hiyo kusoma kando. Wanafunzi na wanahistoria wengi walisoma kutoka juu kwenda chini, kama walivyofunzwa tangu shule ya msingi kuwa ndivyo msomaji mzuri asomavyo, na umakini wao wenyewe ukawafunga ndani ya ukurasa.

Mbinu hiyo ina ndugu wa zamani. Wanazuoni wa hadithi, ambao madarasa yao yanajulikana vema katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa karne nyingi wamekuwa wakiichunguza isnadi, yaani mlolongo wa wasimulizi, pamoja na matini yenyewe: nani alimsikia nani, walikutana lini, na watu wa wakati wao walimjuaje kila mmoja kwa kumbukumbu na uaminifu. Matini nzuri yenye isnadi mbovu haikupokewa kwa uzuri wake.

Tangu mwezi Novemba mwaka 2022, programu ya akili mnemba iitwayo ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, jambo hili limekuwa zito zaidi. Programu za aina hiyo hutunga sentensi kwa kukisia maneno yanayoelekea kufuatana, na kwa ajili hiyo zaweza kutunga hata marejeo ya vitabu na kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, pamoja na majina, miaka na kurasa. Mwaka 2023 mahakama moja ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja iliyotaja kesi za aina hiyo. Ilidhihirika kwamba wakili mmoja aliingiwa na shaka, akachukua hatua ya kuhakikisha: aliiuliza programu ile ile kama kesi ni ya kweli. Ikamjibu kwamba ndiyo. Mtu huyo hakukosa shahada, wala hakukosa kuuliza. Alikosa kutoka nje. Ile orodha ya maswali matano isingemwokoa, kwa kuwa hukumu ya kubuniwa ina tarehe, ina mamlaka, inahusika na mada, na lugha yake ni ya kisheria tupu. Kilichotakiwa ni kuitafuta kesi hiyo katika kumbukumbu za mahakama iliyodaiwa kuitoa, kazi ya dakika chache.

Mwalimu wa sekondari asidhani kwamba haya ni ya vyuo vikuu vya mbali. Mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye simu mkononi anaketi mbele ya maandishi yale yale aliyoketi mbele yake mwanafunzi wa Stanford, na programu zile zile humjibu kwa Kiswahili fasaha. Tofauti ni kwamba yeye, katika shule nyingi, hana mkutubi hata wa dakika 50.

Kuna hati nyingine ambayo hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo inayomhusu mkutubi mwenyewe kama mwalimu. Mwaka 2007 kile chama cha maktaba za vyuo kilitoa orodha ya stadi anazopaswa kuwa nazo mkutubi anayefundisha, zikiwa katika mafungu 12, tangu uwezo wa kuzungumza mbele ya darasa hadi stadi za kupanga. Mwaka 2017 orodha hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa majukumu 7: mtetezi, mratibu, msanifu wa mafunzo, mwanafunzi wa maisha yote, kiongozi, mwalimu, na mwenza wa kufundisha. Mabadiliko hayo ni mazuri, hasa neno lile la mwisho. Lakini ni ajabu kwamba katika majukumu yote saba hakuna lile la kumtazama mwanafunzi akisoma. Mkutubi hufundisha, hupanga, hutetea, huongoza. Lakini kuketi nyuma ya kijana kimya kwa robo saa, na kuandika anapobofya na anapoacha, hakukupewa jina lake lenyewe. Wale watafiti wa Stanford hawakuanza na kamati ya kutunga maneno. Walianza na kutazama, na wakagundua kwamba hata watu waliodhaniwa kuwa mabingwa hawakuwa mabingwa wa jambo hilo.

Kwa hiyo marekebisho yajayo, ambayo hayana budi kuja kwa kuwa akili mnemba haikuwamo katika fikra za mwaka 2015, yangefaa kuanza huko. Nguzo 6 na zibaki, maana ndizo zinazoeleza kwa nini. Chini yake na yawekwe matendo machache, si 87. Pengine hata 10 ni mengi. Kuiacha makala usiyoijua kabla ya kuisoma yote. Kumtafuta mwandishi mahali asipojieleza mwenyewe. Kuitafuta makala ya kisayansi tena ili kuona kama imefutwa au kusahihishwa. Kulifuata rejeo hadi kwenye chanzo chake na kukiona kwa macho. Matendo hayo yanapimika bila mtihani wa kuandika, kwani mwanafunzi ama ametoka katika ukurasa ama amebaki.

Na kila baada ya miaka michache matendo hayo yapimwe upya kwa kuwatazama wasomaji halisi, ili lililochakaa liondolewe kabla halijabandikwa ukutani kwa miaka 15. Vile viwango vya mwaka 2000 vilidumu zaidi ya miaka 16 bila kuguswa, muda ambao mwanafunzi aliyekuwa anazaliwa vilipoidhinishwa alikuwa akikaribia mlango wa chuo.

Litabaki suala la zile dakika 50. Hakuna hati ya chama cha wakutubi inayoweza kuziongeza, kwa sababu si mali ya wakutubi. Ni mali ya mwalimu wa biolojia, wa historia, wa sheria, ambaye ana muhula wenye vipindi vingi na hutoa kimoja kama zawadi. Kumwita mkutubi mwenza wa kufundisha kunahitaji mwenza wa pili, naye hajatiwa katika viwango vyovyote. Mwalimu wa biolojia anayetaka wanafunzi wake wajue chanjo angeweza kuwapa makala ile ya mwaka 1998 kama ilivyochapwa, bila maelezo, mkutubi akiwa ameketi pamoja naye, na wote wawili wakahesabu ni wangapi watanyanyua vichwa kutoka katika karatasi na kwenda kuuliza iliishia wapi.